Masazo ya mwisho: bati la Kyerwa, thoriamu ya Mwezini na historia ya kusoma mawe kutoka juu

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wengi wa jiolojia hulichukulia kama utani wanapolisikia mara ya kwanza. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi, ni watu 12 tu waliowahi kuukanyaga, na bado tunayo ramani ya madini ya uso wake wote iliyochorwa na vyombo vinavyouzunguka. Kyerwa iko hapa hapa Kagera, unafika kwa basi, watu wamechimba bati pale kwa karibu miaka mia moja. Lakini ukiichukua picha ya setilaiti ya Kyerwa na kuiuliza, "haya, mawe gani yapo hapa?", jibu kubwa utakalopata ni migomba.

Huu si uzembe wa mtu. Kuna sababu za kifizikia, na kuna historia ndefu nyuma yake. Historia hiyo inapita Karagwe, inapita Malindi, inapanda hadi Mwezini na Zebaki, kisha inarudi kwenye duara la mchimbaji mdogo. Twende nayo taratibu.

Mwamba uliobeba jina la Karagwe

Watu wa Kagera walijua kusoma mawe kabla ya maabara yoyote. Karibu na Bukoba, pale Katuruka, mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alifukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa takriban miaka 2,000. Kule Karagwe, ikulu ya Bweranyange ilijulikana kwa vifaa vya kifalme vya chuma, wakiwemo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa ustadi mkubwa. Ili ufue chuma lazima kwanza ulijue jiwe lenye chuma: rangi yake, uzito wake mkononi, mahali linapopenda kukaa. Rangi, uzito, mahali. Shika maneno hayo matatu, tutakutana nayo tena Mwezini.

Miaka ya 1920 bati likagunduliwa pande zote za mpaka, Ankole upande wa Uganda na Karagwe upande wa Tanganyika. Wakati huo Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe. Wilaya yenyewe ilianzishwa mwaka 2012. Serikali za kikoloni zikatuma wanajiolojia. Mwaka 1932 A. D. Combe wa Idara ya Jiolojia ya Uganda alichapisha kitabu kuhusu jiolojia ya kusini magharibi mwa Ankole na maeneo jirani, mkazo ukiwa kwenye bati. Mwaka 1938 G. M. Stockley na G. J. Williams wakatoa maelezo ya ramani ya jiolojia ya eneo la bati la Karagwe. Kwenye mpango wa kuchora Tanganyika kwa karatasi za digrii moja moja, karatasi hiyo ilipewa namba 1.

Mawe yenyewe yakaitwa mfumo wa Karagwe-Ankole, na jina hilo limeenda mbali. Ukisoma makala za kisayansi za Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo leo, unakutana na "Karagwe-Ankole" mara kwa mara, hata pale ambapo mwandishi hajawahi kunywa kahawa ya Kayanga.

Ramani ya 1938 ilichorwaje? Kwa miguu. Unapanda kilima, unavunja jiwe kwa nyundo, unalitazama kwa lenzi, unaandika kwenye daftari, unashuka bondeni, unaosha mchanga wa mto kwenye karai. Kasiteriti, ambalo ndilo jiwe lenye bati, ina uzito wa karibu mara saba ya maji yenye ujazo ule ule. Kwazi, lile jiwe jeupe la kawaida, haifiki hata mara tatu. Ukizungusha karai, kwazi inaondoka na maji, kasiteriti inabaki chini, nyeusi nyeusi. Mchimbaji wa Kyerwa anatumia kanuni hiyo hiyo mpaka leo.

Barafu ya kifuko na masazo ya mwisho

Kwa nini bati likae Karagwe na Kyerwa, lisikae kila mahali?

Umewahi kununua ile barafu ya kifuko, ya ubuyu au ya juisi? Ukianza kuinyonya, sukari na rangi vinatoka vyote mwanzoni, mwisho unabaki na barafu nyeupe isiyo na ladha. Sababu ni kwamba maji yanapoganda hayapendi kubeba kitu kingine. Yanaisukuma sukari pembeni, kwenye majimaji ambayo bado hayajaganda. Kadiri barafu inavyoongezeka, ndivyo yale majimaji machache yaliyobaki yanavyozidi kuwa matamu.

Mwamba ulioyeyuka hufanya vivyo hivyo unapopoa. Madini ya kawaida yanaganda kwanza, na kila kitu ambacho hakitoshei ndani yake kinasukumwa kwenye masazo. Takriban miaka bilioni moja iliyopita, itale ilipopoa chini ya ardhi ya eneo hili, masazo yake ya mwisho yalibeba bati, tantalamu, wolframu, lithiamu na potasiamu nyingi. Yakapenya kwenye nyufa za mawe ya juu na kuganda kama mishipa ya kwazi na ulanga. Bati la Kyerwa, kwa ufupi, ni sukari ya mwisho ya kifuko.

Mwezi nao una kifuko chake. Ulipokuwa mchanga, zaidi ya miaka bilioni 4 iliyopita, sehemu kubwa ya tabaka lake la juu ilikuwa bahari ya mwamba ulioyeyuka. Bahari hiyo ilipopoa, masazo yake ya mwisho yalijaa potasiamu, fosforasi, thoriamu na urani. Swali la wanasayansi likawa: masazo hayo yako wapi? Kulijibu kwa nyundo na karai ingebidi utembee Mwezi mzima. Ikabidi itafutwe njia ya kusoma mawe bila kuyagusa.

Mwanga unaosema

Mlango ulifunguliwa mwaka 1859 na 1860 kule Heidelberg, Ujerumani. Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha kwamba kila elementi ikipashwa moto inatoa mistari yake ya rangi, na haishirikiani mistari hiyo na elementi nyingine. Ni kama alama za vidole. Kuanzia hapo mtu aliweza kutaja kilichomo kwenye Jua bila kutoka nyumbani kwake.

Kwa chombo kinachozunguka sayari, kuna njia tatu kubwa za kupata alama hizo.

Ya kwanza ni mwanga wa Jua ulioakisiwa. Kila dini, yaani kila aina moja ya madini, humeza sehemu fulani za mwanga na kurudisha nyingine. Ulanga mweupe, ule unaofuatana na mishipa ya bati, humeza mwanga wa infraredi karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 2.2. Jicho halioni, kamera inaona.

Ya pili ni eksirei. Jua hutoa eksirei, zikipiga mwamba atomi za mwamba hujibu kwa eksirei zao, kila elementi kwa nishati yake. Alumini, magnesiamu na silikoni zinatajana majina.

Ya tatu ni miale ya gama. Potasiamu, urani na thoriamu zina mnururisho wa asili na hutoa miale hiyo zenyewe, mchana na usiku, bila kuombwa. Hizi ni zile zile zinazopenda kukaa kwenye masazo. Kwa hiyo anayetafuta sukari ya mwisho, aanze na gama.

Walitafuta Mwezi, Malindi ikapata Uhuru

Tarehe 18 Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka White Sands, Marekani. Lengo walilolitangaza lilikuwa kupima eksirei kutoka Mwezini, ili wajue uso wake umeundwa na nini. Roketi ilikaa juu ya anga nzito kwa chini ya dakika sita. Eksirei za Mwezi hawakuziona. Wakaona kitu kingine kikali mno kutoka upande wa kundinyota la Nge: chanzo cha eksirei nje kabisa ya mfumo wetu wa Jua. Hivyo ndivyo astronomia ya eksirei ilivyozaliwa, kutokana na swali kuhusu mawe.

Baada ya hapo wakataka setilaiti nzima kwa kazi hiyo. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Eneo lile liko karibu na ikweta, na roketi inayorushwa pale kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure kutoka kwenye mzunguko wa Dunia. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, na Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, akaipa setilaiti jina la Kiswahili: Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei angani. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Na mawe ya Mwezi? Zamu yao ilifika miezi michache tu baada ya Uhuru. Julai 1971 Apollo 15 ilibeba vipimo vya eksirei na gama kwenye chombo kilichobaki kuuzunguka Mwezi wakati wanaanga wawili wakiwa chini. Apollo 16 ikarudia kazi hiyo Aprili 1972. Kundi la eksirei, likiongozwa na Isidore Adler, likaonyesha kwamba nyanda za juu za Mwezi, zile sehemu nyeupe, zina alumini nyingi, na zile "bahari" nyeusi zina kidogo. Kundi la gama likaona thoriamu imejikusanya upande wa magharibi wa uso tunaouona kutoka Duniani, maeneo ya Bahari ya Dhoruba.

Kwa haki, Wasovieti walitangulia kwenye gama. Luna 10, chombo cha kwanza kabisa kuuzunguka Mwezi, kilikuwa na kipima gama Aprili 1966. Lakini kilipima kwa ujumla tu. Apollo ndiyo ilianza kuonyesha hapa kuna hiki, pale kuna kile, japo kwenye ukanda mwembamba tu wa karibu na ikweta ya Mwezi.

Ukanda huo ukaja kupanuliwa. Mwaka 1994 Clementine ilipiga picha za Mwezi wote kwa rangi 11, zikatumika kuchora ramani za chuma na titani. Mwaka 1998 Lunar Prospector ikaanza kupima gama kutoka ncha hadi ncha, na masazo yakaonekana wazi: yamerundikana upande mmoja wa Mwezi kana kwamba kifuko kiliinamishwa. Kwa nini yalikwenda upande mmoja? Huo mjadala bado unaendelea, na ni mada nzuri ya tasnifu kwa anayetafuta. Oktoba 2008 India ikarusha Chandrayaan-1 ikiwa na kipimo cha Kimarekani kinachogawa mwanga kwenye mikanda 260, na mwaka uliofuata kikaripoti dalili za maji na haidroksili kwenye uso wa Mwezi.

Zebaki nayo ilisomwa kwa kanuni ile ile ya Apollo. MESSENGER ilianza kuizunguka Machi 2011, na eksirei zikaonyesha salfa nyingi na chuma kidogo kwenye uso wa sayari ambayo kiini chake ni chuma kitupu kwa sehemu kubwa. Kwenye Mihiri, infraredi ilionyesha hematiti, oksidi ya chuma, katika uwanda wa Meridiani. Ndiyo maana gari la Opportunity lilishushwa pale Januari 2004. Likaikuta hematiti kweli, kwenye vitufe vidogo kama punje za kunde. Ramani ya angani ilikuwa imesema ukweli, na kilichothibitisha ni kwenda kuangalia.

Huku nyumbani: ndege na setilaiti

Dunia ilipata setilaiti yake ya kwanza ya kuchunguza ardhi kwa mpango huo, Landsat 1, tarehe 23 Julai 1972, miezi mitatu baada ya Apollo 16. Mwaka 1975 ikaundwa Nairobi taasisi ya kikanda ya upimaji, ramani na uchunguzi wa mbali, ambayo leo tunaijua kama RCMRD, na Tanzania ni mwanachama. Landsat 4, mwaka 1982, ikaongezewa mkanda wa infraredi unaofunika ile mikromita 2.2, kwa sababu wanajiolojia walipiga kelele kwamba bila huo hawaoni udongo wa mfinyanzi wala ulanga. Mwishoni mwa 1999 ikaja ASTER ya Wajapani, ikipanda setilaiti ya Kimarekani, na mikanda sita ya aina hiyo. Mikanda hiyo sita ilikufa mwaka 2008, lakini picha zake za zamani bado zinapakuliwa bure na wanafunzi wanazitumia.

Gama je? Hapa kuna kikwazo. Hewa ya Dunia humeza miale ya gama kabla haijafika angani. Mwezi hauna hewa, kwa hiyo chombo kinaweza kuisikia kutoka makumi ya kilomita juu. Huku kwetu lazima ushuke. Kati ya mwaka 1977 na 1980 kampuni ya Geosurvey International iliruka juu ya Tanzania kwa ndege ndogo, mita mia moja na ushee kutoka ardhini, mistari ikiachana kilomita moja, ikipima sumaku ya mawe pamoja na mnururisho wake. Ile ndiyo Lunar Prospector ya Tanzania, ila yenye rubani, na miaka karibu ishirini kabla.

Kwa nini Mwezi ni rahisi kuliko Kyerwa

Sasa tunaweza kulijibu lile swali la mwanzo.

Kwanza, Mwezi uko uchi. Hakuna mgomba, kahawa, nyasi wala wingu. Mwanga ulioakisiwa unatoka kwenye tabaka la juu kabisa, chini ya unene wa milimita moja. Kwa hiyo setilaiti ikipita juu ya kibanja cha Kyerwa inasoma majani. Hata NASA ilipoweka kipimo cha EMIT kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2022 kuchora madini ya uso wa Dunia, ilikielekeza kwanza kwenye majangwa.

Pili, udongo wetu umezeeka. Mvua ya miaka mingi imeyaozesha mawe ya juu, na rangi nyekundu ya chuma inafunika kila kitu. Gama, inayosoma sentimita 30 hivi za juu, inavumilia zaidi, lakini nayo inasoma udongo ulioshuka kutoka kilimani, ambao huenda si mtoto wa mwamba ulio chini yake.

Tatu, na hili ndilo linalouma: kasiteriti yenyewe haina alama nzuri ya infraredi ya kuitambulisha, na haitoi gama. Hakuna setilaiti inayoliona bati. Inachoweza kuona, pale ardhi ikiwa wazi, ni majirani zake: ulanga, udongo mweupe unaotokana na itale iliyooza, potasiamu ya masazo. Yaani ramani inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba.

Nne, ukubwa wa kipande. Ramani ya thoriamu ya Lunar Prospector ina vipande vya nusu digrii, kama kilomita 15 kwa 15. Hizo ni hekta 22,500. Leseni ndogo ya uchimbaji ya bati haizidi hekta 10. Kipande kimoja cha ramani ile kingemeza leseni 2,250. Kwa mtu anayeuliza Mwezi uliumbwaje, kipande hicho ni kidogo. Kwa anayeuliza achimbe duara wapi kesho, hakina maana hata kidogo.

Ramani ni ya nani?

Kila ramani ilichorwa ili kujibu swali la mtu fulani. Ile ya 1938 ilijibu la serikali ya kikoloni na la wenye mitaji ya bati. Za Apollo zilijibu la wanaouliza Mwezi ulipoaje. Swali la mchimbaji mdogo wa Kyerwa ni la tatu, na ndilo gumu kuliko yote: mita chache, kina kikubwa, chini ya mgomba, na akikosea anapoteza akiba ya msimu mzima, wakati mwingine uhai, duara likiporomoka.

Swali hilo linaweza kusogezwa mbele, na zana zake nyingi zipo. Data za ndege na ramani za zamani ziko kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma. Picha za Landsat na ASTER hazina bei. Kinachopungua ni kile ambacho Opportunity ilikifanya Meridiani: mtu wa kwenda chini kuthibitisha. Alama za mwanga za ulanga na udongo wa Karagwe zinahitaji kupimwa kwenye mawe ya Karagwe yenyewe, kilima kwa kilima, kisha zilinganishwe na picha na data za gama. Kazi hiyo haihitaji roketi. Inahitaji spektromita ya mkononi, viatu imara, na mazungumzo marefu na wachimbaji, kwa sababu wao ndio wanaojua ni mshipa upi ulitoa bati na upi uliwala pesa.

Mwanafunzi anayetoka Kayanga, Nkwenda au Murongo ana faida hapa ambayo hakuna chombo cha anga kilicho nayo. Mwezi tumeusoma kwa mbali kwa sababu hatukuwa na njia nyingine ya kuufikia wote. Kyerwa tunaweza kuisoma kwa mbali na kwa karibu siku hiyo hiyo, na mtaalamu wa masazo ya mwisho yuko pale mtoni, ameinama na karai lake.